Nilivyookoa pointi 186 bila kurudi kuzipima upya

Nimeshauriwa vibaya mara nyingi katika kazi hii ya upimaji ardhi, lakini ushauri ulionikera kuliko wote ni ule wa jamaa aliyeniuzia rekoda yangu ya kwanza ya mkononi, kile kifaa kinachotunza vipimo. Ilikuwa mtumba, yenye Windows Mobile na programu ya upimaji ya SurvCE. Nililipa milioni mbili na ushee, ukiweka chaja na betri ya akiba. Akanionyesha namna ya kuiunganisha kwa blututhi na totali stesheni (mashine ya kupima pembe na umbali), namna ya kutoa faili la CSV lenye koordineti, yaani namba za mahali ilipo kila pointi, halafu akasema: “Ukishatoa CSV, futa kazi yote, usijaze memori. Na hicho kitabu chako cha fildi kiweke kabatini.”

Kitabu sikukiweka kabatini, na kazi sikuifuta. Nashukuru mpaka leo.

Tulikuwa kwenye urasimishaji wa makazi Morogoro, upande ule mitaa inapoanza kupanda kuelekea milima ya Uluguru. Nyumba zimesongamana chini ya miembe na mifenesi, ndiyo maana hatukutumia jipiesi: chini ya majani mazito setilaiti zinakupa namba za ajabu. Totali stesheni haijali majani, mradi uone prizimu, kile kioo kinachorudisha mwanga wake. Nilisimamisha mashine juu ya kituo kilichokuwa kwenye kilima kidogo, nikamtuma chenimani wangu (msaidizi wa mpimaji) na prizimu kwenye bikoni ya pili ya kontroli, yaani jiwe la upimaji lenye koordineti zinazojulikana, mita 180 na kitu chini ya mteremko, ili nichukue beksaiti, ule mwelekeo wa kuanzia ambao pembe zote nyingine huhesabiwa kutoka kwake. Mvua ilikuwa inanukia. Rekoda inakupa nafasi ya kupima pembe pamoja na umbali, au pembe peke yake. Nikachagua pembe peke yake. Ningepima umbali, ingenionyesha palepale tofauti kati ya umbali wa kwenye hesabu na ule wa kwenye ardhi. Sikupima.

Tukapiga kazi mpaka saa kumi. Kona za nyumba, kuta, vyoo, miti mikubwa, nguzo. Kodi zangu, yaani vifupisho vya kutambulisha kila pointi ni ya kitu gani, ni za Kiswahili: KN kona ya nyumba, UK ukuta, NG nguzo, NJ njia. Wapo wanaong'ang'ania kodi za kigeni walizozikuta kwenye programu, kisha chenimani akishuka na prizimu hajui anatajiwa nini. Tumia maneno anayoyasema yeye.

Usiku nikamwaga data kwenye kompyuta, na moyo ukashtuka. Nina desturi ya kupima kitu kimoja kisichosogea kutoka kila kituo, na pale kilikuwa nguzo ya umeme iliyo kona ya njia. Juzi yake niliipima kutoka kituo kingine. Sasa zilikuwa nguzo mbili, zimeachana mita tatu na sentimita kumi. Nikaangalia ukuta wa karibu na mashine: umehama kidogo. Wa mbali umehama zaidi. Urefu kutoka usawa wa bahari haukuguswa hata kidogo. Hapo nikajua kwamba kazi nzima imezunguka kwenye kituo kama mlango kwenye bawaba. Beksaiti.

Nikampigia mwenzangu mwenye uzoefu kunizidi. Akasema, “Futa, kesho mrudi mpime upya.” Siku nzima nyingine, posho za watu watatu, na wenyeji tuliokwisha kuwasumbua kwa kuingia uani mwao! Nilikataa.

Asubuhi nilirudi na chenimani, nikamwomba asimame pale aliposimama jana. Akaenda moja kwa moja kwenye jiwe lililo ukingoni mwa shamba la migomba. Bibi mwenye nyumba akatoka.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, wanangu. Hilo jiwe mnalihangaikia tangu jana. Hilo ni la kiwanja changu, alisimamia marehemu mzee wangu lilipowekwa. La kwenu lile kule, limefunikwa na majani.”

Hatua nane hivi pembeni, chini ya majani makavu ya migomba, ilikuwepo bikoni ya kontroli, namba yake imechongwa vilevile kama nilivyoiandika kwenye kitabu cha fildi. Yule kijana hakuwa na kosa. Nilimwambia “jiwe la chini,” sikumtajia namba.

Sasa sikiliza hili, maana hapa ndipo wengi wanapopoteza siku. Rekoda haitunzi koordineti tu. Kwenye SurvCE kuna faili jingine lenye mwisho wa .rw5, na ndani yake mna vipimo ghafi: umesimama nukta ipi, beksaiti yako ipi, kisha pembe na umbali wa kila pointi. Ni maandishi matupu, unaweza kuyafungua kwa programu yoyote ya kuandikia. Vipimo vyangu vyote 186 vilikuwa sahihi, kwa sababu pembe zilihesabiwa kutoka kwenye jiwe la bibi na jiwe la bibi halikuhama. Kilichokosewa ni mstari mmoja uliosema jiwe hilo ni nani.

Nikasimamisha mashine juu ya kituo kilekile, nikachukua beksaiti kwenye bikoni ya kweli, safari hii kwa pembe na umbali. Tofauti milimita nane. Kisha nikalipima jiwe la bibi kama pointi mpya, namba 901. Dakika arobaini, tukamaliza.

Nikatengeneza nakala ya faili kwanza (usiguse faili asili, kamwe). Nikatafuta mstari unaoanza na BK, ndio wa beksaiti. Ulikuwa na BP2, yaani beksaiti ni pointi namba 2, na beringi (mwelekeo kwa nyuzi kutoka kaskazini) BS314.2810. Nikaweka BP901 na beringi mpya.

Hapo kuna mtego ambao nusura uninase. Tofauti ya mawe mawili ilikuwa nyuzi 1 dakika 52. Nilipotaka kuhakikisha kwa kikokotoo, 314.2810 kutoa 1.5200 ikanipa 312.7610. Dakika 76! Namba hizo si desimali: baada ya nukta ni dakika, kisha sekunde. 314.2810 ni nyuzi 314, dakika 28, sekunde 10. Ukitoa inavyotakiwa unapata 312.3610, na ndiyo beringi rekoda yenyewe iliyonipa kwa 901. Nimeona vijana wakiandika 45.5 wakimaanisha nyuzi arobaini na tano na nusu, na mashine inasoma dakika 50.

Nikaiambia programu ichakate faili upya. Zile nguzo mbili zikawa moja, tofauti sentimita mbili. Nilipiga kofi mezani hadi mke wangu akauliza kuna nini.

Siku hizi kila jioni nahamisha faili ghafi kwenye flashi kabla ya kula. Na chenimani, kabla sijagusa mashine, anainama, anafuta udongo kwenye bikoni kwa kiganja, ananisomea namba kwa sauti mara mbili.