Siku Injini Ilipogonga Kwenye Kona za Soni

Mwaka 2009 nilikuwa na Toyota HiAce ya dizeli, injini ya modeli iitwayo 3L yenye silinda 4, nikiiendesha mwenyewe kati ya Mombo na Lushoto, mkoani Tanga. Barabara ile ina zaidi ya kilometa 30, na karibu yote ni mlima na kona, kiasi kwamba dereva huijua injini yake kwa sikio kabla hajaijua kwa macho: gia ya pili ina mlio wake, ya tatu ina wake, na ukibeba magunia ya kabichi wakati wa kurudi unasikia tofauti hata kama hukuona yakipakiwa.

Asubuhi moja ya mwezi Juni, nikiwa nimejaza abiria na bado sijafika Soni, mji mdogo ulio njiani, nilisikia kitu kinagonga chini ya kiti changu. Wanaozijua HiAce za wakati ule watakumbuka kwamba injini ilikaa chini ya viti vya mbele, kwa hiyo dereva alikuwa kama ameikalia. Ulikuwa mlio mkavu, wa chuma kwa chuma, uliokwenda haraka kadiri nilivyokanyaga mafuta. Nyuma kulitoka moshi mweusi, si mfululizo, bali kwa mikupuo. Nilisimama pembeni, nikawarudishia abiria nauli zao, nikageuza gari na kushuka polepole hadi Mombo huku konda wangu akiwa kimya, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Fundi wa kwanza aliyeitazama hakuchukua dakika tano. Aliniambia niwashe, nikanyage mafuta mara mbili, kisha akachomoa kijiti cha kupimia oili na kunionyesha jinsi ilivyokuwa nyeusi. "Bosi, hii imenoki," alisema. "Konrodi imeshalegea. Tushushe injini." Konrodi ni ule mkono wa chuma unaounganisha pistoni na shafti kuu ya injini. Kwa hofu niliyokuwa nayo sikukumbuka kwamba oili ya injini ya dizeli huwa nyeusi siku chache tu baada ya kubadilishwa, na kwamba weusi wake haumwambii mtu lolote kuhusu konrodi. Alinitajia bei ya ufundi, halafu akashauri kwamba huenda ingekuwa nafuu kununua injini ya mtumba kutoka Dar es Salaam. Usiku ule nilikaa nikihesabu ni kitu gani nyumbani kingeweza kuuzwa.

Kesho yake shemeji yangu, aliyekuwa utingo wa malori kwa miaka mingi, alinikataza kufungua hata nati moja kabla sijamwona mzee mmoja aliyekuwa na gereji ndogo Korogwe. Tuliivuta HiAce kwa kamba hadi kwake. Nilipomwamkia na kuanza kumweleza kwamba konrodi imekufa, alinyanyua mkono.

"Mwanangu, hayo ni majibu. Mimi bado sijauliza swali."

Maswali yake yalikuwa mengi, na mwanzoni yalinichosha. Mlio ulianza ghafla au ulikuja kidogo kidogo? Husikika zaidi injini ikiwa baridi au ikishapata moto? Taa ya oili iliwaka? Mara ya mwisho ulijaza mafuta wapi? Matatu ya kwanza niliyajibu kwa ukweli. Kwa lile la nne nilisema nilijaza kituoni.

Hakuiwasha siku ile. Alitaka ilale, ili aisikie ikiwa baridi kabisa, kwa sababu, kama alivyonieleza, pistoni iliyolegea ndani ya silinda hupiga kelele zaidi asubuhi na hutulia kadiri chuma kinavyopata moto na kutanuka, ilhali beringi ya konrodi iliyolika hufanya kinyume: oili ikishapata moto na kuwa nyepesi, ndipo hugonga kwa sauti nzito. Asubuhi iliyofuata tuliiwasha, akaiacha kwenye sailensa, yaani ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, kwa nusu saa nzima, naye amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mlio haukupungua wala haukuongezeka.

Kisha akazima, akachovya kijiti cha oili na kuidondoshea katika kiganja chake, akaisugua kwa kidole gumba na kutoka nayo juani. Alikuwa akitafuta mng'aro, yaani chembe ndogo za madini ya beringi ambazo hubaki kwenye oili kama poda ya fedha. Alinishikia mkono wangu na kunipaka ile oili ili nami nitazame. Ilikuwa nyeusi, laini, isiyo na chembe hata moja. Hapo kwa mara ya kwanza tangu Mombo nilipumua.

Aliinua viti, akawasha tena, akachukua bisibisi ndefu, ncha akaiweka kwenye injini na mpini akaubana sikioni. Alianzia chini, karibu na sampu, yaani bakuli la oili, akapanda hadi kwenye hedi, kifuniko cha juu ya silinda, akirudia kila sehemu mara mbili. Aliponipa nami nisikilize, sehemu ya chini ilinguruma tu kama kinu cha mashine ya kusaga. Juu, upande wa katikati, ule mlio uliniingia sikioni kama mtu anayepigilia msumari.

Jaribio lililofuata nimewahi kuwaona mafundi wengi wakilifanya, lakini wengi huishia katikati. Alizungushia kitambaa nati ya bomba la mafuta la nozeli ya kwanza (nozeli ndiyo inayopuliza dizeli ndani ya silinda), akailegeza kwa spana namba 17 huku injini ikinguruma, akiweka vidole mbali kwa sababu mafuta yanayotoka kwenye pampu kwa shinikizo lile yanaweza kupenya ngozi. Injini ilitetemeka, lakini mlio ulibaki. Ya pili, vivyo hivyo. Alipoilegeza ya tatu, kugonga kulikoma papo hapo, na nikataka kushangilia.

"Subiri," alisema. "Tumejua nyumba, hatujamjua mtu."

Maana yake niliielewa baadaye. Ukiikatia silinda mafuta kwa kulegeza ile nati, hakuna tena mlipuko unaoisukuma pistoni, kwa hiyo hata konrodi mbovu inaweza kunyamaza. Kunyamaza peke yake hakutofautishi konrodi na nozeli. Alinituma nikanunue washa mpya, zile ringi za kuzibia nozeli, nami nikaenda nikinung'unika moyoni kwamba ananiongezea gharama. Niliporudi alikuwa ameshazifungua nozeli mbili; ile ya tatu akaifunga kwenye silinda ya kwanza, na ya kwanza akaipeleka ya tatu. Tulitoa upepo kwenye mabomba, tukawasha. Akalegeza nati ya silinda ya tatu: mlio ukaendelea. Akalegeza ya kwanza: kimya. Ugonjwa ulikuwa umehama pamoja na nozeli. Konrodi haihami.

Nozeli zote nne nilizipeleka Tanga zikapimwe kwenye mashine. Tatu zilipuliza ukungu mwembamba uliokatika ghafla, kama mtu anayetema. Ile mbovu ilifunguka mapema, kwa shinikizo dogo, na baada ya hapo ikaendelea kudondosha. Mafundi husema nozeli inakojoa. Katika dizeli hakuna cheche, mafuta huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa, katika injini kama ile zaidi ya mara 20, na matone makubwa huchelewa kuwaka, hujikusanya, kisha hulipuka yote kwa pamoja. Huko ndiko kugonga nilikokuwa nimekukalia, na moshi mweusi ulikuwa mafuta yasiyoungua vizuri.

Niliporudi Korogwe na ncha mpya, mzee aliniita kwenye filta ya dizeli. Alifungua kiziba cha chini na kukinga chupa ya soda. Dizeli ilipanda juu. Chini yake kulibaki maji, yenye kutu, kiasi cha vidole viwili.

"Kituo gani hicho, mwanangu?"

Nikamwambia ukweli. Kwa karibu miezi miwili nilikuwa nikinunua dizeli ya kwenye madumu, pembeni ya barabara, kwa sababu ilipungua bei shilingi chache kwa lita, na tangu nianze kuinunua sikuwa nimekifungua kile kiziba hata mara moja. Hakunigombeza. Alifunga nozeli, akaitoa upepo, na HiAce ikawaka kwa mlio wake wa zamani. Fedha aliyoniomba haikufika hata robo ya ile niliyotajiwa Mombo kwa kushusha injini tu.

Chupa aliiweka juu ya ukuta wa gereji. Kila nilipopita Korogwe mwaka ule niliiona pale, mstari wa maji ukionekana wazi, na mzee akiniona naitazama alijifanya anatafuta spana.