Debe Langu la Kununulia

Kwa miaka saba nilinunua mahindi katika vijiji vya wilaya ya Kongwa na kuyauza Dodoma mjini, na kwa miaka yote hiyo nilikuwa na madebe mawili. La kununulia lilikuwa limegongwa kitako kwa ndani hadi kikatuna kwa nje kama tumbo la chungu; la kuuzia lilikuwa limebonyezwa kitako kuelekea juu, na ukilitazama ubavuni huoni kitu. Fundi bati aliyenitengenezea hakuniuliza swali lolote, kwa sababu sikuwa mteja wake wa kwanza wa kazi hiyo. Zaidi ya hayo, kwenye debe la kununulia nilidai kilele: mahindi yarundikwe mpaka yaanze kuporomoka, ndipo nihesabu moja.

Wakati huo nilikuwa mwimbaji wa kwaya na mtunza hazina wa jumuiya yetu, wala sikujiona mwizi. Lumbesa, yaani kujaza kipimo kupita kiasi chake, ilikuwa desturi, ingawa sheria ya vipimo inaikataza, na nilijiambia kwamba mkulima anaona kwa macho yake jinsi debe linavyojaa, kwa hiyo ameridhia. Ukweli ni kwamba mkulima anayeuza mwezi wa sita, huku ada ya mtoto na deni la mbegu vikimsubiri, hajaridhia chochote. Anakubali kwa sababu lori ni langu.

Mwaka 2019, katika sikukuu ya mavuno, nilipeleka kanisani gunia moja la mahindi ili liuzwe kwenye mnada baada ya ibada. Mwinjilisti alilipiga kofi gunia lile, akatangaza kwa furaha maneno ya Luka 6:38 kuhusu kipimo cha kujaa na kushindiliwa na kusukwasukwa hata kumwagika, na akina mama wakapiga vigelegele. Mimi peke yangu nilijua limeshindiliwa kwa jasho la nani. Jioni nilifungua mstari huo nikausoma hadi mwisho wake, ambao sisi wafanyabiashara hatuutaji tunapoombea mitaji yetu: kipimo kile kile mpimacho ndicho mtakachopimiwa.

Nililia, nikatubu, nikalala usingizi mzuri. Jumanne nikalipakia debe lile lile kwenye lori.

Kilichonibadilisha hasa kilikuja majuma machache baadaye, tulipokuwa tukijifunza katika jumuiya habari za Zakayo, yule mtoza ushuru wa kwenye Injili. Bibi mmoja, ambaye kwa kawaida husinzia kabla ya sala ya kufunga, aliuliza Zakayo aliwezaje kuahidi kurudisha mara nne ikiwa hakujua alimchukulia nani na kiasi gani. Akajijibu mwenyewe: lazima alikuwa na daftari. Watu walicheka, lakini mimi nilikuwa nalo. Nilikuwa na madaftari ya misimu miwili, yenye majina ya kaya arobaini na tatu na idadi ya madebe kwa kila jina.

Niliazima mizani nikapima. Debe langu, pamoja na kilele chake, lilibeba kilo 21. Debe zima la jirani, lililojazwa na kusawazishwa kwa kijiti, lilibeba kilo 17. Tofauti ilikuwa kilo nne kwa kila debe, na nilipojumlisha kurasa zote niliiona nyumba yangu ikihama. Kurudisha mara nne kungenimaliza. Mwinjilisti, nilipomfuata, alinionyesha Hesabu 5:7, ambapo mkosaji anaamriwa kurudisha kamili na kuongeza sehemu ya tano. Niliifuata njia hiyo, na sitajifanya kwamba niliichagua kwa unyenyekevu. Niliichagua kwa kuuhurumia mtaji wangu.

Nilinunua mizani ya jukwaa na kuipeleka Wakala wa Vipimo ikakaguliwa na kugongwa muhuri, nikidhani wakulima watanipokea kwa shangwe. Walinikimbia. Debe wanalijua, hata likiwaibia, wanaliona likiwaibia, lakini mizani ya mwenye lori ni mdomo wa mwenye lori. Wanunuzi wenzangu nao walieneza kwamba imetegwa. Msimu ule nilipata kama nusu ya mzigo wangu wa kawaida, na dereva alinililia njia nzima. Dawa niliipata kwa bahati, siku nilipokuwa nimebeba saruji ya jirani: nilipandisha mfuko mmoja kwenye mizani mbele ya watu, sindano ikasimama kwenye 50, idadi ile ile iliyoandikwa kwenye mfuko. Tangu hapo kila ninapofika kijijini natanguliza mfuko wa saruji, na mtu yeyote anaruhusiwa kuushusha na kuupandisha tena kwa mkono wake kabla hatujapima punje.

Kurudisha ndiko kulikokuwa kugumu. Nilienda nyumba kwa nyumba nikiwa na daftari na bahasha. Baadhi walipokea kimya, wakahesabu, wakaingia ndani. Mama mmoja aliniuliza kwa upole kama nimepimwa nikakutwa na ugonjwa, kwa kuwa aliamini anayerudisha mali namna hii anajiandaa kufa.

Mzee mmoja niliyemfikia mwezi wa pili, wakati maghala yameshaanza kulia na mahindi mapya bado yako shambani, aliikataa bahasha. Aliniuzia madebe kumi na mawili. Kwa hesabu yangu alinidai kilo 48, na pamoja na sehemu ya tano zikawa karibu 58. Nilimsomea hesabu hiyo, na fedha niliikadiria kwa bei ya siku ya kununua.

"Ulichukua mahindi, mwanangu," alisema. "Bei ya mwezi wa sita hainisaidii mwezi wa pili. Lete mahindi. Na uje na lile debe lako."

Nilijaribu kumweleza kwamba siku hizi ninapima kwa mizani yenye muhuri. Alinisikiliza hadi nikamaliza, kisha akarudia: lile debe.

Wiki iliyofuata nilirudi nikiwa na gunia, na debe nililolitoa nyuma ya nyumba, ambako kuku walikuwa wakilinywea maji. Mzee alikaa kwenye kigoda, akalikung'uta, akapitisha kiganja kitakoni kwa ndani kama anayemkagua ng'ombe mnadani, akaniambia nimimine. Lilipojaa aliyashindilia mahindi kwa viganja vyote viwili, akalishika debe masikioni na kulisuka mpaka yakashuka, akaagiza nimimine tena hadi kilele kikaanza kuporomoka kwenye turubai.

"Moja," nikasema.

"Bado, mwanangu," akajibu, akaongeza konzi mbili.