Saiti za usiku au za faiba? Shem, jibu lako hili hapa

Shemeji yangu ana ghala la mahindi Kibaigwa na bastola yake ina leseni, kila kitu kiko sawa, ila tangu apate hela ya kubadilisha saiti, vile vidude vya kulengea juu ya bastola, simu haipumziki. Leo anataka faiba, kesho anataka za usiku, kisa kaona video za Wamarekani wanapiga sahani za chuma mchana kweupe na kile kidoti chekundu kinawaka balaa. Nimemjibu wasapu vipande vipande mpaka nimechoka, sasa naandika yote sehemu moja akipiga tena namtumia linki.

Msimamo wangu ni huu: kama bastola ni ya kujilinda, mbele funga saiti ya usiku, nyuma acha nyeusi tupu, na hela itakayobaki nunua tochi ya maana. Faiba ni nzuri sana, siibezi hata kidogo, lakini ni ya mtu anayepiga shabaha mchana.

Faiba yenyewe ni kijiti chembamba cha plastiki ya rangi, unene milimita moja au moja na nusu hivi, kimelazwa kwenye saiti ya mbele na ubavu wake umeachwa wazi. Mwanga unaingia ubavuni unatokea nchani, ndo maana ile nukta unaiona kali namna ile wakati haina betri wala nini. Sasa kwa jua letu hili, mfano mwezi wa tisa saa nane mchana huko njia ya Msalato vumbi linatimka, faiba inawaka mpaka inapitiliza, nukta inakuwa kubwa machoni na ukilenga kitu kidogo mbali inakifunika chote. Ukilenga kitu cha karibu haina neno, jicho linaikimbilia lenyewe, na hapo ndo watu wa IPSC, yale mashindano ya kupiga shabaha kwa kasi, wanapoipendea.

Shida ni kivuli. Wengi wanadhani ilimradi kule unakolenga kuna mwanga basi faiba itawaka, hapana, inategemea mwanga unaoiangukia hapo ulipo wewe. Shem yuko ndani ya ghala la bati lisilo na dirisha, magunia yamepangwa mpaka juu, mlango uko wazi na nje jua linapiga, yeye kasimama kwenye giza la magunia anaangalia kweupe, pale faiba imefifia anabaki na saiti nyeusi ya kawaida tu. Hiyo ni mchana, jioni ndo usiseme.

Saiti za usiku ni habari nyingine. Ndani kuna kichupa kidogo sana cha kioo chenye gesi ya tritiamu, yaani haidrojeni yenye mionzi, na kwa ndani kioo kimepakwa fosfa. Mionzi ikiigonga fosfa inatoa mwanga, saa zote, huchaji, huwashi, huzimi. Nyingi ni za kijani kwa sababu kijani ndo jicho linaiona kirahisi kwenye giza. Majina utakayokutana nayo zaidi ni Trijicon ya Marekani na Meprolight ya Israeli.

Ila mwanga huo unazeeka, kwa hiyo mtu akikuuzia bastola iliyotumika akakwambia ina saiti za usiku, usimwamini, ingia nayo chumba cha giza uangalie. Tritiamu inapungua nusu kila baada ya miaka 12.3, ikifika kama 25 imebaki robo, na fosfa nayo inachoka. Hazitengenezeki, ikififia unanunua nyingine.

Na ndiyo, najua swali linalofuata, kansa vipi. Mionzi ya tritiamu ni dhaifu, haipiti kile kioo na hata ngozi haiipenyi, tatizo linakuja kichupa kikipasuka ukaivuta ile gesi au ukaimeza, hapo fungua madirisha, toka nje kidogo, nawa mikono. Ila mionzi ni mionzi, na hapa Tanzania mambo hayo yako chini ya Tume ya Nguvu za Atomu, hivyo kabla ya kuagiza waulize, na polisi waliokupa leseni waulize pia. Usije ukampa mtu anayetoka Dubai akuletee kwenye begi, silaha sio kava la simu.

Sasa tochi. Giza totoro, tritiamu inakuonyesha bastola yako imeelekea wapi, haikuonyeshi nani yuko mbele. Anaweza kuwa mlinzi, anaweza kuwa mtoto wa dada yako kaenda kujisaidia. Bila kumjua mtu hupigi, nukta. Na ukishawasha tochi zile nukta za kijani huzioni tena, unaona umbo jeusi la saiti kwenye mwanga, na faiba ni hivyo hivyo.

Mtu atasema basi tritiamu ya nini. Ni ya lile giza nusu nusu, mtu unamtambua kabisa ila saiti nyeusi huzioni. Huku kwetu magharibi ni fupi, jua likizama muda si mrefu giza limeingia, lakini giza nusu nusu la mjini linakesha, kuna taa ya nje ya duka, taa ya bodaboda inayopita, balbu moja ya jirani. Hapo ndo saiti ya usiku inalipa hela yake. Na nyuma nimesema nyeusi kwa sababu nukta tatu, moja mbele na mbili nyuma, zinazolingana mwanga zinachanganya ukiwa na presha, jicho linaweza kushika za nyuma badala ya ya mbele.

TruGlo wana zilizounganisha vyote viwili, faiba na tritiamu. Kama bei haikuumi chukua, mimi kwa ghala sioni ulazima.

Ukiamua faiba bado, sawa shem, angalau ukarabati wake ni rahisi: ikikatika unakata kipande kingine na kikata kucha, unasogeza kiberiti cha gesi bila kugusa mpaka ncha inavimba kama kichwa cha msumari, haichomoki. Na ukisafisha bastola dawa ya mtutu isiifikie, inaiharibu.

Kufunga mpelekee fundi silaha mwenye kibali. Kwenye Glock yako saiti ya mbele inashikwa na skrubu ndogo chini ya slaidi, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma ukipiga, ya nyuma inasukumwa ubavuni kwenye mfereji wake, usiende kuigonga na nyundo ya ghalani. Halafu nenda uwanja wa shabaha upige mita kumi uone risasi zinatua wapi, maana saiti mpya ya mbele ikiwa ndefu kuliko ya zamani zitatua chini ya unapolenga.