Kadi mpya ya mtandao, jina jipya

Msimu wa mvua hapa Kigoma radi huunguza vifaa vingi, na juzi nilibadilisha kadi ya mtandao kwenye seva ya FreeBSD (mfumo endeshi wa kompyuta) ya duka moja la dawa huku Mwanga. Mfumo huu huipa kadi jina kulingana na draiva yake, yaani programu inayoiendesha: ile ya Realtek iliitwa re0, na ya Intel niliyoiweka ikawa em0, hivyo mstari wa ifconfig_re0 ndani ya faili la mipangilio, /etc/rc.conf, ulikuwa ukielekeza kifaa kisichokuwepo tena. Niliubadilisha uwe ifconfig_em0 kwa anwani ileile, kisha nikaendesha service netif restart kuwasha upya kadi na, mara baada yake, service routing restart kurudisha njia, maana amri ya kwanza huweza kufuta njia kuu ya kutokea kwenda mitandao mingine. Kagueni pia /etc/pf.conf, faili la sheria za ulinzi wa mtandao: jina la zamani likisalia humo, sheria zinazolitaja hazitaigusa kadi mpya.