Siku moja ya fundi cherehani: kitoweo nakinunua siku nisiyokihitaji

Nakaa Machomane, Chake Chake, Pemba. Nyumba yetu ina watu saba: mimi, mume wangu, mavyaa wangu (yaani mama wa mume wangu) na watoto wanne. Mimi fundi cherehani, mume wangu muashi, na kazi zetu zote mbili ni za leo unapata kesho unakosa. Mimi napata pesa Januari skuli zinapofunguliwa, napata Ramadhani inapokwenda ukingoni na kila mtu anataka nguo ya Sikukuu, na napata karafuu zinapozaa vizuri. Miezi mingine kazi yangu ni kupandisha pindo na kubadilisha zipu. Ndiyo maana chakula tumekiwekea kiwango, shilingi 10,000 kwa siku. Nje ya hizo ni mchele, mafuta na sukari tu, ambavyo nanunua vya jumla nikishika pesa ya mkupuo. Shoga zangu huniuliza nawezaje. Basi nimeiandika Jumatano iliyopita kama ilivyokwenda.

Saa 11 alfajiri

Nikishasali, nakwenda kufunua bakuli la choroko. Nimeziroweka tangu jana usiku, zimekunywa maji yote na kuvimba, na chache zimeshatoa kijimkia cheupe. Choroko zilizoroweka zinaiva kwa moto mdogo. Zile zisizoroweka zitakula kuni zako mpaka uchoke.

Nawasha moto uani, kwenye mafiga. Gesi ninayo, mtungi mdogo, lakini hiyo ni ya chai na ya siku za mvua. Vitu vya kuchemka muda mrefu naviwekea makumbi na vifuu. Katika nyumba yetu hakitupwi kifuu hata kimoja, maana kikishika moto kinawaka kama mkaa mzuri. Choroko zinachemka huku nikifagia. Zikipasuka naziepua, nazifunika, na hapo nusu ya chakula cha mchana nimeshaimaliza kabla jua halijatoka.

Naroweka pia vipande vitatu vya ng'onda, samaki mkavu wa chumvi, kwenye maji ya baridi. Nitayabadilisha maji mara tatu kabla ya kupika ili chumvi itoke.

Saa 12 na nusu asubuhi

Chai ya rangi kwa mchaichai wa ukutani kwangu, na viazi vitamu vya kuchemsha. Zamani nilikuwa namtuma mtoto dukani kila asubuhi kununua mikate ya boflo, mmoja kwa kila mtu. Pesa inatoka, na ikifika saa 4 watoto wanasema wana njaa. Siku hizi fungu la viazi la shilingi 2,000 linatosha asubuhi, na vinavyobaki watoto wanabeba skuli. Siku nyengine inakuwa muhogo, au mbaazi za nazi kama jana yake nilibakisha tui.

Mume wangu anaondoka na mfuko wake wa zana. Watoto wanaondoka. Nabaki na mavyaa wangu.

Saa 1 na nusu mpaka saa 4

Cherehani iko barazani. Leo nina suruali mbili za sare na deraa moja la kupunguza. Kazi ya mguu na jicho, haina mengi ya kusimulia.

Saa 4 asubuhi

Nakwenda sokoni, na hapa ndipo penye jambo lenyewe.

Kitu kinachokula pesa katika nyumba za Pemba ni kitoweo. Mchele una bei yake unayoijua, muhogo vivyo hivyo. Samaki hana bei, ana hali ya bahari. Upepo wa kusi ukishika nguvu kuanzia Juni, bahari inachafuka, vyombo vidogo havitoki, na fungu la samaki uliyekuwa ukimnunua kwa elfu mbili utamkuta kwa elfu tano. Ukiwa ni mtu wa kwenda sokoni saa 5 na nusu, watoto wanarudi, chungu hakijatelekwa, utatoa pesa yoyote utakayoambiwa. Mimi nilikuwa hivyo kwa miaka mingi. Nilidhani umaskini wangu unatokana na kushona kidogo, kumbe kwa sehemu kubwa ulitokana na kununua samaki kwa haraka.

Mavyaa wangu ndiye aliyenifunza. Yeye amelelewa karibu na diko, pale wavuvi wanaposhusha samaki, na mwaka wa kwanza wa ndoa yangu alinambia, "Mwanangu, kitoweo kinunue siku usiyokihitaji." Sikumuelewa. Leo ndiyo kanuni ninayoifuata kuliko nyengine yoyote.

Basi leo sihitaji samaki, ng'onda ninao. Lakini mwezi umeandama majuzi na usiku ni kiza kitupu. Dagaa huvuliwa kwa taa: kiza kikiwa kinene wanaufuata mwanga na nyavu zinajaa. Mwezi ukiwa mpevu taa haina kazi, dagaa wanatawanyika na bei inapanda. Kwa hiyo kalenda yangu ya sokoni ni mbingu. Siku za kiza nakwenda kutazama, siku za mbaramwezi sijisumbui.

Nakuta ndoo zimepangwa, dagaa bado wanang'aa. Changu na tasi wapo pia, wazuri, nawapita.

"Bi fundi, karibu. Leo wapo tele."

"Hii ndoo ndogo kiasi gani, mwanangu?"

"Elfu kumi."

"Nina elfu saba."

"Ongeza moja, Bi fundi. Jua linapanda, sitaki kurudi nao."

Nimempa elfu nane. Pesa hii haikutoka kwenye 10,000 za leo. Imetoka kwenye kopo la maziwa ninalotia bakaa ya kila siku, na kopo hilo ni la kitoweo tu. Nikilitumia kwa jambo jengine hata mara moja, mpango wote unavunjika, na umeshawahi kuvunjika.

Njiani nanunua nazi moja, fungu la tungule (nyanya), vitunguu na thomu (vitunguu saumu) kidogo. Nazi naichagua mwenyewe. Naitikisa karibu na sikio. Maji yakicheza vizuri ni nzima, yasiposikika iache. Kisha natazama macho yake matatu. Yakiwa na unyevu au ukungu, ndani imeshaoza hata kama kwa nje inapendeza. Nazi moja mbovu ni shilingi 1,000 imekwenda, na chakula cha mchana kimeharibika.

Saa 5 asubuhi

Dagaa hawasubiri. Nateleka maji yenye chumvi, yakichemka nawamimina kidogo kidogo. Ni muda mfupi sana: macho yakigeuka meupe natoa. Ukiwaacha wanakatika vichwa na kuwa vumbi wakikauka. Mavyaa wangu anawapokea kwa ungo na kuwatandaza kwenye chanja, safu moja, asimlalie mwenzake. Chanja iko juu ya miti minne ili upepo upite chini, na mchanga usiingie. Dagaa wa kuanikwa chini utawatafuna pamoja na ardhi. Kisha mavyaa anakaa kivulini na fimbo yake kuwafukuza kunguru na paka.

Mwaka juzi nilianika ndoo mbili nzima wakati wa masika, nikamwachia Mungu na mawingu, nikaenda kupeleka nguo za mteja. Mvua ilinyesha mara mbili mchana ule. Siku ya pili walikuwa na funza. Nilimwaga shilingi 16,000 kwenye shimo la taka, nikalia kama mtu aliyefiwa. Tangu siku ile siwaaniki pasipo na mtu wa kuwalinda.

Saa 5 na nusu

Nakuna nazi. Chakula cha leo ni mseto kwa mchuzi wa ng'onda, na nazi hii moja inatakiwa ifanye kazi yote.

Nakaa juu ya mbuzi, nakuna taratibu nisifikie ile ngozi ya kahawia. Maji ya uvuguvugu, siyo ya baridi, maana mafuta ya nazi yanatoka kwa joto. Mara ya kwanza natia maji kikombe kimoja tu, nafinya ndani ya kifumbu kwa nguvu zangu zote, na kasimile, yaani tui la kwanza, inatoka nzito, inaganda kwenye vidole. Hiyo naiweka kando kwa ajili ya mchuzi, itaingia mwisho kabisa. Mara ya pili natia maji zaidi, tui hilo ni la mseto. Mara ya tatu linatoka jembamba, na hilo ndilo nitakalopikia matembele ya uani. Chicha wanapewa kuku. Kifuu kinakwenda kwenye rundo la kuni. Maji ya nazi alikunywa mtoto wangu mdogo alipotoka chuoni kusoma Kurani, kwa haki yake.

Zamani nilikuwa natumia nazi mbili kwa chungu kimoja na nikifinya mara moja tu. Nazi imepanda bei mno kisiwani, minazi mingi imezeeka na mengine inakatwa mbao. Nilipoanza kufinya mara tatu hakuna aliyeona tofauti mezani.

Mchele robo tatu ya kilo, choroko robo kilo. Wali mtupu ningehitaji kilo nzima na zaidi, na saa 10 wangesema wana njaa. Choroko zinashibisha. Nazirudisha motoni, natia mchele na tui la pili, chumvi, nakoroga kwa mwiko mpaka mseto unashikana na kuanza kuachana na sufuria.

Mchuzi: vitunguu, thomu, tungule, bizari kidogo, kisha ng'onda, na birimbi tano kutoka mti wa jirani. Birimbi inatoa ukali wa kutosha, ndimu sinunui. Chumvi siongezi, ya ng'onda inatosha. Kasimile inaingia mwisho, moto ukiwa mdogo, na hapo siondoki. Nakoroga muda wote ili tui lisikatike.

Saa 7 na nusu mchana

Baada ya Adhuhuri tunakula, sinia mbili. Watoto wamegawana mkia wa ng'onda kwa amani, jambo la nadra. Mume wangu alirudi na vumbi la saruji mikononi, akala akanyamaza, na akiinyamazia sinia najua chakula kimemkubali.

Nabakisha mchuzi bakuli moja kabla sijapakua. Nasema kabla, kwa sababu ukipakua kwanza ukasema kitakachobaki ndiyo cha usiku, hakitabaki.

Saa 9 mpaka saa 11 jioni

Cherehani tena. Mteja wangu mmoja alikuja kuchukua deraa lake, akaiona chanja. Akanambia, "Shoga, dagaa kila siku, si utaonekana huna?"

Nilimjibu kwa utulivu lakini moyo uliniuma. Watoto wangu wanakula kitoweo kila siku ya Mungu. Kuna nyumba zinanunua jodari Ijumaa, kisha Jumatatu na Jumanne wanakula wali kwa chai. Kwangu chungu hakijawahi kukosa samaki tangu nianze mtindo huu, hata ule mwezi wa Agosti ambao nilishona nguo nne tu. Sioni aibu hapo. Alinilipa elfu tano, tukaagana vizuri, na akaomba kibakuli cha dagaa wa kuonja. Nimempa.

Saa 11 na nusu nikageuza dagaa wote kwa mkono. Wamekauka juu, tumboni bado laini. Kesho jua moja zaidi.

Saa 2 usiku

Shelisheli la kuchoma, limetoka kwa jirani. Yeye ana mti, mimi nina cherehani, na nilimtilia kiraka mapazia yake wiki iliyopita. Tumelila kwa ule mchuzi uliobaki na chai. Halikugharimu chochote.

Saa 3 usiku

Naandika daftari. Viazi 2,000, nazi 1,000, choroko 1,000, tungule na vitunguu na thomu 1,500, pesa ya watoto skuli 1,200. Jumla 6,700. Bakaa 3,300 nimeitia kwenye kopo. Dagaa wa leo wakikauka watatutosha mara saba au nane, wa nazi, wa kukaanga, na wengine nitawatia kwenye debe lenye mfuniko kungojea kusi.

Chanja huwa tunaiacha nje mpaka tunapokwenda kulala, kwani upepo wa usiku nao unakausha. Nilikuwa naroweka kunde za kesho niliposikia tone la kwanza kwenye bati. La pili, la tatu, kisha yote pamoja, mvua ya vuli isiyopiga hodi. Nilitupa bakuli nikakimbilia uani bila viatu.

Miti minne ilikuwa mitupu. Nikageuka, na pale ukumbini, chini ya taa, mwanangu wa kiume wa miaka 12 na bibi yake walikuwa wameishika chanja huku na huku, wakiiteremsha polepole juu ya viti viwili ili dagaa wasimwagike. Hakuna aliyemtuma.

"Nilinusa mvua, mama," akasema.