Diski ya Harusi Kutoka Marekani na Televisheni ya Chogo

Watu wakiona diski ya DVD ya Marekani haichezi vizuri hapa kwetu, hukimbilia kusema kwamba "imefungwa", na mafundi huwaunga mkono kwa kuwa kufungua deki ni kazi inayolipa. Ushauri huo ulitupotezea muda na fedha kabla sijaitatua shida mwenyewe, na mpaka leo huudhika nikisikia mtu akiambiwa maneno yale yale.

Dada yangu aliyeolewa Marekani alituletea Unguja diski ya harusi yake, pamoja na filamu ya katuni aliyowanunulia watoto dukani huko huko. Kwenye televisheni ya chogo ya mama, harusi ilitoka kwa rangi nyeusi na nyeupe huku picha ikipanda juu bila kutulia: miguu ya bwana harusi ilikuwa juu ya kioo, kichwa chake chini, na katikati ukipita utepe mweusi. Katuni haikuanza kabisa, kwani deki iliandika kwamba diski si ya eneo lake.

"Zote zimefungwa, kaka. Niachie deki niifungue," fundi akaniambia, nami nikamlipa shilingi elfu kumi na kitu. Deki iliporudi, katuni ilikubali kucheza, lakini nayo ikawa inapanda juu, nyeusi na nyeupe, sawasawa na harusi. Fundi akashauri tununue televisheni mpya. Mimi niliona kwamba jibu lilikuwa pale pale kwenye kioo: kufuli lilikuwa limekwisha kufunguka, na ugonjwa ulikuwa bado upo, kwa hiyo hayo yalikuwa mambo mawili tofauti.

Kufuli la eneo, linaloizuia diski kucheza kwenye deki ya eneo jingine, huwekwa na kampuni za filamu. Marekani na Kanada ni eneo la 1. Sisi, pamoja na sehemu kubwa ya Afrika, India na Urusi, ni eneo la 5, ilhali Misri na Afrika Kusini zimewekwa eneo la 2 pamoja na Ulaya. Diski ya harusi iliyochomwa nyumbani kwa kawaida haina kufuli hilo hata kidogo. Kilichoisumbua ni mfumo wa picha. Marekani, ambako umeme ni wa mizunguko 60 kwa sekunde, walijenga televisheni ya mistari 525 na picha zinazokaribia 30 kwa sekunde, wakaipa rangi kwa mfumo wa NTSC. Zanzibar, iliyoanza kurusha matangazo ya rangi mwaka 1973, ilichukua PAL, yenye mistari 625 na picha 25. Televisheni ya mama ilijua PAL tu, ndiyo maana ilishindwa kuishika picha na kuisoma rangi.

Deki nyingi za bei nafuu zinaweza kubadilisha mfumo zenyewe, ila ya kwetu ilikuwa imewekwa itume picha kama ilivyo ndani ya diski. Nilipofungua mipangilio yake, mahali pa kuchagua aina ya televisheni palikuwa pamefifia na rimoti haikupagusa, nikabonyeza mpaka kidole kikachoka. Nikaitoa diski, nikafunga mlango wa deki ukiwa mtupu, nikarudi pale pale, na maandishi yakawaka. Nikachagua PAL. Niliporudisha diski, picha ilitulia mara moja, na leso za akina shangazi wa upande wa bwana harusi zikaonekana kwa rangi zake zote.

Ukitazama kwa makini, utaona picha inashtuka kidogo kamera inapogeuzwa upesi, kwa sababu deki inalazimika kupunguza picha 30 ziwe 25. Hilo halimzuii mtu kufurahia harusi. Mwenye kompyuta hana haja ya hangaiko la mfumo, ila awe mwangalifu na eneo, kwa kuwa viendeshi vingi vya diski huruhusu kulibadilisha mara 5 tu. Na ndugu yako akitaka kukuchomea diski huko Marekani, mwombe achague PAL kwenye programu kabla hajaanza kuchoma.