Msitume Mbegu Nyumbani, Tumeni Tanki

Ikifika Februari maduka ya huku Leeds, Uingereza, yanajaa pakiti za mbegu zenye picha za kutamanisha, na hapo simu zinaanza. "Dada, naenda likizo Mwanza, nimbebee mama mbegu gani?" Jibu langu halijabadilika: usibebe hata moja. Kama unataka wazazi wawe na bustani ya mboga nyuma ya nyumba, mbegu ziko kulekule, na wanazijua kuliko sisi. Kinachokosekana ni maji ya Juni mpaka Agosti. Hela yako iende huko.

Kwanza kuna sheria. Mbegu zikivuka mpaka zinatakiwa ziwe na cheti cha afya ya mimea, ukiingia nazo Tanzania na hata ukirudi Uingereza na mnafu wa mama kwenye begi. Msiuone kama usumbufu. Kantangaze, yule nondo ambaye viwavi wake wanatoboa nyanya, asili yake ni Amerika ya Kusini. Alionekana Hispania mwaka 2006, na kabla miaka kumi haijaisha alikuwa amefika kwenye mashamba yetu. Wadudu na magonjwa husafiri na mizigo ya watu, na wakulima wetu wameshalipia hilo vya kutosha.

Halafu kuna jua. Kitunguu hujaza kichwa kwa kufuata urefu wa mchana. Aina nyingi zinazouzwa huku kaskazini zinasubiri mchana wa saa 14 na zaidi, na Leeds mwezi wa sita mchana unafika saa 17. Mwanza iko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, mchana ni saa 12 na dakika chache mwaka mzima. Kitunguu cha Leeds ukikipanda Nyegezi, palepale Mwanza, kitaota majani mazuri ya kijani, utasubiri kichwa mpaka uchoke. Red Bombay na Mang'ola zinauzwa kwenye duka lolote la pembejeo la mjini, na hizo zinaujua mchana wetu. Angalia lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, na tarehe kwenye pakiti, basi. Agosti, wakati wa Nane Nane, uwanja wa Nyamhongolo unakuwa na watu wa mbegu wengi sana, na ukiwauliza wanaeleza kwa subira.

Hata kalenda yetu ya huku haifai kule. Leeds naotesha nyanya ndani mwezi wa tatu, trei ziko dirishani, na sithubutu kuzitoa moja kwa moja mpaka Mei inaelekea kuisha, kwa sababu usiku mmoja wa baridi kali unaua zote. Kule hakuna baridi ya kuua mche. Mwenye kalenda ni mvua: vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba, masika Machi hadi Mei. Adui wa mche mdogo ni jua la saa saba, matone mazito ya mvua, na kuku.

Mayu, mama yangu, anavyootesha ni hivi. Mbegu za mchicha ni ndogo mno, ukizimwaga kwa mkono zinarundikana mahali pamoja, kwa hiyo anazichanganya na mchanga mkavu ndipo anazinyunyiza kwenye vifereji vya kina kidogo. Anafukia kiasi cha kuzifunika tu. Baada ya siku tatu hadi tano zimeota, na wiki ya tatu au ya nne mchicha unang'olewa. Kunde anapanda palepale zitakapokaa, hazitaki kuhamishwa. Bamia analoweka usiku kucha.

Mnafu ndio unaowashinda wengi. Tunda lake likiiva lina utamu, na utamu huo ukibaki kwenye mbegu unazuia isiote. Mayu anakamua matunda kwenye bakuli la maji, anayaacha yalale, asubuhi anaosha na kumwaga, anaosha na kumwaga, mpaka maji yatoke safi, kisha anaanika mbegu kivulini. Mgagani nao una ukaidi wake: mbegu iliyovunwa juzi haioti vizuri, inataka kupumzishwa miezi kadhaa kwanza. Watu wanailaumu mbegu na kuitupa, kumbe muda wake haujafika.

Nyanya anaweka kitaluni. Anapenda Tanya na Tengeru 97, zilizotolewa kwa wakulima mwaka 1997 baada ya utafiti wa Tengeru kule Arusha. Si chotara, kwa hiyo ukichagua tunda zuri kutoka kwenye mmea wenye afya unatunza mbegu ya msimu ujao. Ukinunua chotara huwezi kufanya hivyo, watoto hawatafanana na mama. Kabichi na karoti nazo, kwa joto la Mwanza, hazitoi maua, zinataka baridi kwanza, kwa hiyo mbegu zake utanunua kila mara.

Kitalu kinachanganywa na samadi iliyooza kabisa, kinajengewa kichanja kifupi cha nyasi, na kinazungushiwa wavu chakavu wa dagaa. Matundu ya wavu huo ni madogo, kuku hapiti. Maji ni asubuhi. Ukipanda mbegu zikabanana na udongo ukalowa muda wote, kinyausi kinaingia na miche inalala chini shina likiwa limelegea. Wiki ya mwisho Mayu anapunguza nyasi za kichanja na kupunguza maji, ili miche izoee jua, kisha anaihamisha jioni. Nilipomwona akifanya hivyo nilifurahi sana, maana mimi nami huku natoa trei nje mchana na kuzirudisha ndani usiku. Kazi ni ileile.

Sasa maji. Nyumbani Mwanza Ziwa Victoria tunaliona kutoka kibarazani, na bado bomba linakuja kwa mgao. Kulima ufukweni si suluhisho: Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imelinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na ni haki iwe hivyo, kwa sababu udongo unaolimwa pale unaishia majini. Kutuma watoto na ndoo ndiko kunakonitia hofu zaidi. Kichocho kinaingia kupitia ngozi kwenye maji ya kina kifupi yenye konokono, na mtoto anayechota maji ya bustani anasimama hapohapo. Sitaki mboga inayopatikana kwa njia hiyo.

Kwa hiyo piga hesabu. Bustani ya Mayu ni kama mita 10 za mraba, inalisha nyumba yenye watu watano majani ya kila siku. Kila mita inataka karibu lita 5 kwa siku wakati wa jua, jumla lita 50. Juni, Julai na Agosti ni siku 92. Hizo ni lita 4,600. Simtanki la lita 5,000 linatosha, bila kugusa bomba. Nani atalijaza? Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la mita 60 za mraba likipata milimita 100 linakusanya lita 6,000, na hata ukitoa kinachomwagika tanki limejaa. Masika ya Mwanza yanaleta zaidi ya hiyo.

Tena kiangazi ndipo mboga inapopanda bei sokoni, na ndipo ukungu unapopungua kwenye nyanya. Wazee wetu wa Usukuma walikabili miezi hiyo kwa kuanika majani ya kunde, wakala nsansa mpaka mvua irudi. Naipenda nsansa kwa karanga, na Mayu bado anaianika. Lakini mtoto anayekua anahitaji na jani bichi lililochumwa jioni hiyo.

Udongo wetu ni kichanga kilichotokana na yale majabali, maji yanapita chini upesi. Jirani yetu ni babu mmoja Mkara. Kwao, Kisiwa cha Ukara ndani ya Ziwa Victoria, watu wamebanana kwa miaka mingi sana na ardhi yao bado inazaa, kwa sababu samadi wanaithamini: ng'ombe anafungwa nyumbani, analetewa majani, na kila kinachotoka zizini kinarudi shambani. Babu huyo ndiye aliyewaonyesha nyumbani kupanga mawe kukata mteremko, na kuchimbia samadi kwenye tuta badala ya kuimwaga juu. Juu anatandaza pumba za mpunga, unyevu unabaki.

Kabla hujatuma hela, mwambie mdogo wako apime paa kwa hatua na aangalie kama lina gata. Hesabu ya gata na bomba la kuteremsha iingie kwenye bei, wengi wanasahau wanatuma tanki tupu. Tanki likae juu ya msingi wa mawe ulio imara, maana likijaa linabeba tani tano, na liwe na mfuniko, mbu wasizaliane. Mvua ya kwanza iachwe ioshe bati. Na mbegu mwachie mama achague.